Masomo ya wenye walichelewa: kutoka St. Paul mpaka kwetu



Katika mkutano wetu wa mwisho mama mmoja aliuliza: kijana wangu ana miaka 17, aliacha masomo mu ukimbizi, sasa ataketi darasa gani? Kati ya watoto wa miaka 11? Hatukumujibu vizuri. Ninaleta hapa historia ya mbali, juu swali ni lile lile.

Katika jimbo la Minnesota, Marekani, mwaka 1991 bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu walimu wafungue shule zao wenyewe kwa mkataba, kwa pesa ya serikali. Wanaziita shule za charter. Sisi Wakongomani tusishangae sana: tangu Mapatano ya 1977, makanisa yanaongoza shule za konvansione, na serikali ndiyo inapaswa kulipa walimu. (Nimesema inapaswa.) Tofauti ni kwamba kule mkataba una muda, na shule yenye haikutimiza ahadi inaweza kufungwa.

Mwanzoni sheria iliruhusu shule 8 tu. Ya kwanza, City Academy, ilifungua mlango Septemba 1992, upande wa mashariki wa mji wa St. Paul, ndani ya jengo la michezo la mji. Wanafunzi walikuwa 30 na kitu tu, vijana wenye walikuwa wamekwisha kuacha shule. Hawakuingia kwa pointi. Waombaji wakizidi viti, shule hizo zinapiga kura ya bahati. Na katika jimbo lile kijana anaweza kusoma bure mpaka miaka 21.

Kule pesa inafuata mwanafunzi, na serikali inapima hesabu kwa mwaka mzima, haiangalii siku ya kufungua tu. Kwa shule ndogo ya vijana wa namna hii ni mzigo mkubwa: huyu anapata kazi, huyu anazaa, huyu anahama. Wakitoka watano, mshahara unatikisika.

Hapo ndipo ninajikuta na haya. Mwaka jana mimi mwenyewe niliandika katika ripoti hesabu ya siku ya kwanza ya kituo kimoja cha rattrapage. Niliporudi miezi mitatu nyuma, wasichana wengi hawakuwako tena: shamba, ndoa, prime. Wafadhili walikuwa wamekwisha kusoma ile hesabu nzuri.

Vituo vyetu vinafunga miaka 6 ya primaire ndani ya 3, na ni kazi kubwa. Lakini ni kwa watoto. Masomo ya bure ya 2019 pia yanaishia primaire. Kijana wa miaka 17 anabaki katikati, hana fasi.

Jambo lingine. Kule Minnesota shule nyingi za charter zilikuja kuwa za kabila moja moja, na mwaka 2015 wazazi walipeleka serikali mahakamani wakisema watoto wametengwa. Wengine walijibu kwamba ni wazazi wenyewe walichagua. Kwetu, darasa la waliorudi peke yao litaleta maneno, juu jirani mwenye hakukimbia, naye ana mtoto mwenye alichelewa. Mimi ningewaandika pamoja.

Ninaomba kamati mambo mawili: rejista ihesabiwe kila mwezi, wavulana na wasichana mbali mbali, na ripoti ionyeshe wenye walitoka na sababu. Kisha tuongee na prefe wa shule ya karibu juu ya darasa la mchana kwa wenye miaka 15 na zaidi. Kijana wa yule mama bado anangoja.