Jua lilikuwa limetulia siku Bukavu ilipotikisika

Wenzetu, mnakumbuka Mei 2024? Jua lilipiga dhoruba kubwa, na odio zikaanza kuzunguka kwenye simu zetu hapa kambini: dhoruba ya jua inaleta tetemeko, msilale ndani! Jirani yetu, mama wa Bukavu, alilaza watoto nje siku tatu chini ya turubai. Mvua ikanyesha, mdogo wao akaanza kukohoa. Sisi vijana tulimcheka kidogo, halafu tukaona aibu, maana hata sisi hatukuwa na jibu.

Basi tukatafuta. Kumbe wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Schwabe alikuwa ameonyesha kwamba madoa meusi ya jua huongezeka na kupungua kwa zamu, na leo tunajua zamu moja ni kama miaka 11. Mwaka 1853 Mswisi Rudolf Wolf akajiuliza kama matetemeko nayo yanafuata madoa hayo. Swali la haki kabisa. Mwaka 2013 Love na Thomas, watafiti wa Marekani, walilinganisha rekodi za jua na za matetemeko makubwa, hawakuona uhusiano wa maana. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Waitalia ikasema inaona dalili fulani. Kwa hiyo ubishi haujaisha, lakini hakuna aliyetoa njia ya kumwambia mtu alale wapi usiku huu.

Sasa turudi kwetu. Jumapili, 3 Februari 2008, asubuhi, tetemeko la 5.9 lilipiga Bukavu. Ng'ambo ya pili, Rwanda, watu walikuwa ibadani na makanisa yakawaangukia. Mwaka huohuo jua lilipitisha zaidi ya siku 260 bila doa hata moja. Mfano mmoja haumalizi kesi, tunajua. Ila kilichosogea siku ile ni Bonde la Ufa, hilohilo lililobeba Kivu na Tanganyika: ardhi inavutana milimita chache kila mwaka, mwamba unavumilia, unavumilia, halafu unateleza.

Tulimweleza mama hayo yote. Akatusikiliza mpaka mwisho.

"Sasa wanangu, kama si jua, nani atatuambia siku?"

Hakuna, mama. Hata wataalamu hawawezi kuitaja.

Alinyamaza, akaingiza watoto ndani. Lakini mlango wake hautii komeo usiku, mpaka leo.