Njiwa Hurudi Kwao

Mwaka 1850 waya za telegrafu zilikuwa hazijaunganisha Brussels, Ubelgiji, na Aachen, Ujerumani. Bwana Reuter akapitisha habari za biashara kwa njiwa, nao wakalishinda garimoshi. Siri ni hii: njiwa hajui kwenda, hujua kurudi tu. Aliyelelewa Kasongo hatumwi Kabambare; huchukuliwa kwanza Kabambare kikapuni, ndipo aruke arudi Kasongo.

Basi, ndugu msomaji, anza na kinda wa mwezi mmoja. Piga mbinja kila umlishapo. Mwache majuma kadhaa aruke juu ya nyumba yako. Kisha, kabla hajala, mwachilie kilometa 2, halafu 5, halafu 10. Akichelewa usimpige: njiwa harudii nyumba anayoiogopa.