Kahoʻolawe: Kisiwa Kilichorudi Mikononi mwa Wenyewe

Miongoni mwa visiwa vinane vikuu vya Hawaii, Kahoʻolawe ndicho kidogo kuliko vyote. Kiko takriban maili saba kusini-magharibi ya Maui, na eneo lake ni kama maili za mraba 45. Mlima Haleakalā ulioko Maui hukikinga na pepo zinazoleta mvua, kwa hiyo ni kisiwa kikavu ambacho hakikupata kuwa na wakazi wengi. Hata hivyo, ni katika kisiwa hicho kame ambapo wenyeji wa Hawaii walianza upya kuifufua mila yao kwa kuihudumia ardhi yao.

Wahenga walikinasibisha kisiwa hiki na Kanaloa, mungu wa bahari. Mkondo wa bahari ulio upande wake wa magharibi huitwa Kealaikahiki, yaani njia ya kwendea Kahiki, nchi ya mbali walikotoka mababu. Katika kilima cha Puʻu Moiwi yapo machimbo ya kale ya mawe yaliyochongwa kuwa matezo. Kwa hakika, watu waliokitumia kisiwa hicho walikuwa mabaharia na mafundi, nao walikijua vyema.

Madhara yalianza kabla ya mabomu. Tangu mwaka 1858 kisiwa kilikodishwa kwa wafugaji, na kondoo, mbuzi na ng'ombe wakala majani hata udongo ukabaki uchi. Upepo na mvua vikauchukua udongo huo hadi baharini. Wakati huohuo Wahawaii nao walikuwa wakipokonywa nchi. Ufalme wao ulipinduliwa mwaka 1893, na miaka mitatu baadaye lugha yao ikaondolewa katika ufundishaji wa shule. Walipopinga kuunganishwa na Marekani, mwaka 1897, watu zaidi ya 21,000 walitia saini zao katika maombi. Kaulimbiu yao ilikuwa aloha ʻāina, mapenzi ya ardhi. Neno ʻāina lina asili ya kula: ardhi ni ile inayomlisha mtu. Nchi iliunganishwa na Marekani mwaka 1898, na sauti ile ikafifia.

Baada ya Bandari ya Pearl kushambuliwa Desemba 1941, jeshi la Marekani lilikifanya Kahoʻolawe uwanja wa shabaha. Amri ya Rais Eisenhower ya mwaka 1953 ilikiweka chini ya jeshi la wanamaji, kwa sharti kwamba kitakapokuwa hakihitajiki tena kirudishwe kikiwa salama kwa makazi ya watu. Vita vilikwisha, mabomu hayakukoma. Mwaka 1965 zililipuliwa tani 500 za baruti kwa mpigo mmoja ili kupima uimara wa manowari, na shimo lake lipo hadi leo.

Tarehe 4 Januari 1976, watu tisa walishuka kisiwani bila ya idhini. Kutokana na tendo hilo ilizaliwa jumuiya ya Protect Kahoʻolawe ʻOhana. ʻohana maana yake ni jamaa. Mmoja wa viongozi wake, mwimbaji George Helm, ndiye aliyelihuisha neno aloha ʻāina masikioni mwa vijana. Mwezi Machi 1977, yeye na mwenzake Kimo Mitchell walipotea katika bahari iliyo baina ya kisiwa hicho na Maui, wala hawakuonekana tena.

Madai yalifikishwa mahakamani, na mwaka 1980 yakapatikana maafikiano yaliyoiruhusu jumuiya kukizuru kisiwa mara kwa mara. Ziara hizo ndizo zilizogeuka kuwa madrasa. Waliokwenda walijifunza kuomba ruhusa kwa nyimbo kabla ya kukanyaga nchi kavu, kufyeka njia, kuyatunza maziara ya kale na kupanda majani. Mwaka 1982 walifufua Makahiki, msimu wa Lono, mungu wa mvua na kilimo. Sadaka hutolewa kuomba mawingu, na mvua inaponyesha miche hutiwa ardhini. Ibada na kilimo hapo ni kazi moja.

Rais Bush alisimamisha mabomu Oktoba 1990. Mwaka 1993 Bunge la Marekani liliidhinisha dola milioni 400 za kukisafisha kisiwa, na sheria ya jimbo ikakitenga kwa ajili ya mila, ibada, elimu na uhifadhi, na kukataza biashara. Usimamizi ulikabidhiwa Hawaii Novemba 2003. Lakini kazi ya usafishaji ilikwisha mwaka 2004 pasipo kutimiza ahadi: takriban robo tatu tu ya uso wa kisiwa ndiyo iliyosafishwa, na sehemu ya kumi tu hadi kina cha futi nne. Kwingineko mtu hathubutu kupiga jembe. Ndiyo maana mahali pengine wanaojitolea hurundika udongo juu ya ardhi ngumu na kupanda humo, na huziba makorongo kwa mawe ili maji yasikimbie na udongo uliobaki.

Mwezi Februari 2020 moto uliunguza karibu theluthi moja ya kisiwa. Wazimamoto hawakuweza kuukabili ardhini, kwani mabomu yasiyolipuka yangali yamefukiwa. Miche ya miaka mingi ikawa majivu, na wenyewe wakarudi kupanda.

Kwa mujibu wa sheria, Kahoʻolawe ni amana: jimbo linakishika mpaka itakapotambuliwa mamlaka ya wenyeji wa Hawaii, ndipo kikabidhiwe. Mamlaka hiyo haijatambuliwa bado. Mwenye amana hajafika mlangoni, lakini wanawe wapo shambani, na kila Makahiki huiomba mvua kwa lugha iliyowahi kuondolewa mashuleni.