Vijikundi vya Kundi A la Damu katika Upandikizaji wa Figo

Kundi A la damu hugawanyika katika vijikundi kulingana na wingi wa antijeni A juu ya seli. Vikuu ni A1 na A2, vilivyotofautishwa na von Dungern na Hirszfeld mwaka 1911. Miongoni mwa Wazungu, takribani 80% ya watu wa kundi A ni A1, na karibu wote waliobaki ni A2. Seli nyekundu ya A1 hubeba antijeni A zipatazo milioni 1; ya A2 hubeba yapata robo yake, na figo nayo huwa na upungufu huo. Maabara huvitenganisha kwa dondoo la mbegu za Dolichos biflorus, mmea wa jamii ya kunde. Tone lake likichanganywa na damu, seli za A1 hushikamana vibonge vibonge, za A2 hubaki zimetawanyika.

Kwa kawaida mgonjwa wa kundi B hapewi figo ya kundi A, kwa kuwa ana kingamwili dhidi ya A zinazoweza kuiua figo mpya ndani ya saa chache. Hata hivyo, hatari hiyo ni suala la kiasi: antijeni ni nyingi kadiri gani kwenye figo, na kingamwili ni nyingi kadiri gani kwa mgonjwa. Herufi ya kundi haijibu swali lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo haifai kuwa hakimu wa mwisho. Ushahidi upo: huko Kansas City, Marekani, wagonjwa wa kundi B waliochaguliwa kwa uchache wa kingamwili walipewa figo za A2, na figo hizo zilidumu karibu sawa na zile za kundi lao.

Marekani iliingiza utaratibu huo katika kanuni za ugawaji wa figo Desemba 2014. Sababu yake ni ya haki pia: kundi B lina takribani 20% ya Wamarekani weusi, lakini karibu 10% tu ya weupe, ambao ndio wengi kati ya watoaji, hivyo wagonjwa wa B husubiri muda mrefu. Wapo wasemao kwamba wagonjwa wa A wananyang'anywa. Ila wagonjwa hao wana watoaji wengi na foleni yao ni fupi zaidi. Figo chache za A2 haziwarudishi nyuma sana. Pingamizi zito zaidi ni la vipimo. Ili kupima wingi wa kingamwili, plazima ya mgonjwa huzimuliwa hatua kwa hatua, 1:2, 1:4, 1:8, hadi seli za kundi A zisishikamane tena, na maabara mbili huweza kutofautiana. Dawa ya kasoro hiyo ni kupima mara kwa mara, kuweka kikomo cha tahadhari, na kuthibitisha kijikundi cha mtoaji kwa sampuli mbili zilizochukuliwa kabla hajaongezewa damu. Kuwanyima wagonjwa wote wa B figo hizo kwa sababu kipimo kinahitaji uangalifu ni kuwatwisha mzigo wa maabara.