Ule waya kwenye mashine ya ami

Haya wanangu, leo hatuongelei Fort Jesus wala Vasco da Gama. Leo ni mashine ya kuchanja kuni.

Ami yangu ana karakana nyuma ya nyumba, Majengo. Humo ndani mna mashine moja nzee imejaa grisi na kutu. Ukiona sufuria la pilau la watu mia tatu liko nje siku ya harusi, ujue chini yake ni kuni, na gogo halijipasui lenyewe. Zamani lilikuwa shoka na mgongo wa mtu. Siku hizi, kwetu, ni hiyo mashine.

Haina kampuni iliyoitengeneza. Silinda ilitoka kwenye tipa lililokufa. Injini ilikuwa ya kuvutia maji kisimani. Kabari ni kipande cha chuma kilichonolewa kikachomelewa kwenye mhimili. Mwenye nayo wa kwanza alimuuzia mwingine, huyo akamuuzia ami, na kila mmoja amebadilisha kitu.

Mimi niliacha uhandisi mwaka wa pili, mnajua hiyo stori. Darasani walinifundisha Pascal nikakariri. Kwa ami ndipo nikamuelewa. Ni hivi: Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, alionyesha kwamba ukikandamiza maji au mafuta yaliyofungiwa, presha inaenda sawa pande zote. Mwaka 1795 fundi wa kufuli wa London, Joseph Bramah, akasajili mashine inayotumia siri hiyo. Chukua pistoni ndogo ya upana wa sentimita 2 na kubwa ya sentimita 10. Eneo la kubwa ni mara 25, kwa hivyo nguvu nayo ni mara 25. Lakini hakuna cha bure: kubwa itasogea kidogo sana. Ndiyo maana unapiga jeki ya gari mara nyingi na gari linapanda taratibu. Mashine ya ami ni jeki iliyolazwa, basi.

Sasa historia iko wapi? Iko kwenye zile mkono-kwa-mkono. Mji huu umezoea kuchukua kilichomshinda mtu na kukipa kazi nyingine.

Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza, IBEA, ilianza kujenga reli nyembamba kwenda bara. Ikaishia maili chache tu. Vyuma vyake vikatumika hapa kisiwani kwa reli za vigari vya mjini: benchi, paa juu, na wanaume wakisukuma kwa nyuma. Reli iliyokufa ikawa matwana ya mji! Mwaka 1896 ikaanza reli kubwa hapa hapa Mombasa, ikafika ziwani 1901. Treni zake zilikula kuni kama harusi, na mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 ili zipatikane kuni za kuziendesha. Kwa hivyo ukipata gogo la mkaratusi kutoka bara ukaliweka kwenye mashine ya ami, hilo gogo lina ukoo na treni. Na wale mafundi wa kuunga vyuma juani, mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ikasema wazi kwamba kazi yao ni uchumi kamili, si uzururaji. Ndio hawa tunaowaita jua kali.

Hii sehemu tunaipenda sana. Tunajisifu, ati sisi hatutupi kitu. Mimi pia najisifu. Lakini kuna nusu ya pili ambayo hatuisemi.

Ile reli kubwa ilileta wafanyakazi kama 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. Kila mtu anajua simba wa Tsavo, lakini simba hawakuua wote hao. Wengi waliuawa na maradhi na kazi yenyewe. Na vile vigari vya mjini, picha za zamani zinatuonyesha bwana aliyekaa na kofia yake. Aliyesukuma hana jina.

Narudi Majengo. Ile mashine ina wenzo, ule mkono wa chuma wa kuendeshea. Ukiuachia, springi inaurudisha na kabari inasimama. Fundi mmoja wa zamani aliufunga kwa waya ili kabari iendelee kusukuma huku mikono yako inaweka gogo. Kazi ikawa ya haraka. Mwaka juzi kijana aliyekuwa akimsaidia ami akapoteza ncha ya kidole. Tukasema bahati mbaya, tukaendelea. Waya ukabaki.

Mwezi uliopita tuliifungua yote. Mafuta yalikuwa meupe kama tui, maana maji yameingia. Tukayamwaga, tukaweka filta mpya na sili mpya za silinda, tukatupa paipu iliyopasuka ngozi. Na hapa sikia vizuri: kabla hujalegeza paipu yoyote, zima injini, kisha sukuma wenzo huku na huku mpaka presha iishe. Usitafute tundu la paipu kwa kidole. Mafuta yenye presha yanapenya ngozi kama sindano, na kidonda kikionekana kidogo bado unakimbia hospitali. Tafuta kwa kipande cha boksi.

Halafu nikaukata ule waya.

Ami akakasirika. "Wewe mtoto, harusi ni Jumamosi. Waya huo ulikuwepo kabla yangu."

Nikamwambia, "Ami, na kidole kilikuwepo kabla ya waya." Akanyamaza. Nami nikaona nimevuka mpaka, nikaomba radhi.

Tunasema tulinde urithi, na ni sawa. Lakini tulichoachiwa si ujanja tu, ni pamoja na makosa ya waliotutangulia, na hayo pia yanataka spana. Mtu akikwambia "ndivyo ilivyokuwa", muulize ilimgharimu nani.

Jumamosi kuni zilichelewa kama nusu saa. Pilau ikaiva. Jumatatu nikamkuta ami ameinama na welding, anaongeza wenzo wa pili upande wa pili wa mashine. Sasa kabari haiendi mpaka mikono yote miwili ishike, mbali na gogo. Hakuniambia kitu. Alininyooshea miwani ya kuchomelea tu, nikaivaa.