Korongo wa Bonde la Lambwe

Korongo ni miongoni mwa swala wakubwa kabisa barani Afrika: uso wake ni mweusi wenye mabaka meupe, na dume lililokomaa huweza kufikia kilo 300. Nchini Kenya amebaki mahali pamoja tu, Hifadhi ya Taifa ya Ruma katika bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, kaskazini mwa Muhuru Bay. Zamani alipatikana pia Maasai Mara na katika vilima vya Ithanga karibu na Thika. Baadhi ya wale wa Ithanga walihamishiwa Shimba Hills, Kwale, lakini huko nako wakatoweka.

Lambwe ilibaki pori kwa sababu ya mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wengi kandokando ya Ziwa Viktoria, na vichaka vya bonde hilo vikaogopwa na wafugaji kwa miongo mingi baadaye. Kabla ya serikali kutunga sheria yoyote ya kumlinda korongo, inzi huyo alikuwa askari wake, tena askari asiyepokea hongo. Vita dhidi ya mbung'o viliposhika kasi, vichaka vikafyekwa na dawa ikanyunyizwa, na mashamba na mifugo vikalisogelea bonde.

Mwaka 1966 eneo hilo lilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, hasa kwa ajili ya korongo, na mwaka 1983 likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa yenye takriban kilomita za mraba 120. Kinyume na matarajio, idadi haikupanda. Katikati ya miaka ya 1970 korongo walikuwa wapatao 200; sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 15 tu.

Sababu kubwa ni mitego ya waya. Mwindaji anayetafuta kitoweo hutega kwenye mapito ya wanyama, na waya hauchagui: humnasa korongo kama unavyomnasa swala yeyote mwingine. Moto wa kiangazi nao huteketeza nyasi ndefu ambamo ndama hufichwa wiki zake za kwanza, na fisi humvizia humo humo. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi tisa na kuzaa ndama mmoja, kwa hiyo hasara ya mwaka mmoja haifidiwi upesi. Kundi likishapungua kiasi hicho, hata kuzaliana kwa ndugu wa damu huwa tishio.

Ruma yenyewe haikosi wanyama. Twiga waliletwa kutoka kwingineko, na mwaka 2012 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS) lilihamishia humo vifaru weusi na weupe. Vifaru walikuja na ulinzi mkali zaidi, jambo ambalo hata korongo alilihitaji, ingawa hifadhi iliyoundwa kwa ajili yake sasa inajulikana zaidi kwa wageni hao.

Hatua ya karibuni ni kuwatenga korongo ndani ya eneo dogo la hifadhi lililozungushiwa uzio wa kuzuia wanyama wala nyama, ili ndama wengi zaidi wafikie utu uzima. Mbali na Kenya hali si mbaya kiasi hicho: korongo wangali wengi Tanzania, hasa kwenye misitu ya miombo ya magharibi na kusini.