Skrinishoti Umepiga Wewe, Hadithi Umeandika Wewe, Mwenye Mali ni Nani?

Mwaka 2009, kijana mmoja aliyekuwa anasomea utengenezaji wa gemu kule Uingereza alifungua The Sims 3 akafanya kitu ambacho wachezaji wengi hawakifanyi. Wengi wakiingia The Sims wanajenga jumba, wanachimba bwawa la kuogelea, wanamtafutia mtu wao kazi yenye mshiko. Yeye alitengeneza baba na binti, Kev na Alice, kisha akawanyima nyumba. Akawaweka kwenye kiwanja kinachofanana na bustani iliyotelekezwa: mabenchi yapo, hela hakuna. Baba akampa roho mbaya, hasira za karibu na tabia ya kutopenda watoto. Binti akampa moyo mwema.

Halafu akaanza kupiga skrinishoti. Kila picha akaiwekea maneno machache, akazipandisha mtandaoni bure kabisa. Alice anatafuta pa kulala. Alice anaenda shule amechoka, hajala. Baba anamfokea tena. Watu wa nchi mbalimbali wakawa wanafuatilia kama tamthilia ya saa tatu usiku.

Kipande kilichowagusa wengi ni siku Alice alipopata mshahara wake wa kwanza. Katika gemu hiyo wahusika huwa na matamanio yao, na mchezaji anaamua kuyakubali au kuyapotezea. Tamanio lililojitokeza kwa Alice lilikuwa kutoa msaada kwa wenye shida. Mchezaji akakubali, na hela yote ikaenda. Binti asiye na hata kitanda!

Sasa hapo ndipo penye utata. Wazo la kutoa ile hela halikutoka kichwani mwa kijana, lilitoka kwenye programu. Benchi, nyasi na miondoko ya Alice vilitengenezwa na watu wa kampuni ya Electronic Arts. Lakini aliyeamua hawa wawili wakose nyumba ni yeye, aliyechagua picha ipi ibaki na ipi itupwe ni yeye, na maneno yote ni yake. Basi hadithi ni ya nani?

Swali hili sio la jana. Lina zaidi ya miaka 40, na lilianza kwenye mashine za kutumbukiza sarafu.

MCHEZAJI NA RIMOTI

Mwaka 1982, mahakama ya rufaa ya New York iliamua kesi ya gemu ya Scramble, ya kampuni ya Kijapani ya Konami. Kampuni ya Stern ndiyo iliyokuwa na haki ya kuiuza Marekani. Wapinzani wao wakatoa mashine yenye gemu inayofanana nayo, kisha wakajitetea hivi: picha za gemu hubadilika kila mtu anapocheza, kwa hiyo hakuna picha moja ya kudumu ambayo mtu anaweza kuidai kuwa mali yake. Mahakama ikakataa. Ikasema vitu vingi vinajirudia hata mchezaji akibadilika: ndege ileile, milima ileile, milio ileile. Kwa hiyo picha na sauti za gemu zinalindwa na hakimiliki.

Mwaka uliofuata, mahakama ya rufaa ya Chicago ikaenda mbele zaidi katika kesi iliyohusu Pac-Man na Galaxian. Ilisema mtu anayecheza gemu hafanani na mtunzi wa riwaya wala mchoraji. Anafanana zaidi na mtu anayebadilisha chaneli za televisheni.

Yaani wewe umeshika rimoti tu. Kwa Pac-Man ya mwaka 1983, ni ngumu kubisha. Mchezaji alikuwa na njia nne tu: juu, chini, kushoto, kulia.

WATU WASIOITWA MAHAKAMANI

Mwaka 1996 ikaja Duke Nukem 3D, na mambo yakabadilika. Gemu hiyo ilikuja na kifaa cha kumwezesha mchezaji kujenga hatua zake mwenyewe: vyumba, mitego, maadui wakae wapi. Wachezaji wakajenga kwelikweli na kurushiana mtandaoni. Leseni ilisema hatua hizo zitolewe bure.

Kampuni moja, Micro Star, ikaona fursa. Ikapakua hatua 300 zilizotengenezwa na wachezaji, ikazichoma kwenye CD na kuiuza kwa jina la Nuke It. Boksi likapambwa kwa skrinishoti za gemu hiyohiyo.

Kesi ilipofika mahakama ya rufaa huko California mwaka 1998, Micro Star walikuwa na hoja kali. Mafaili tunayouza, walisema, hayana picha hata moja ya Duke Nukem. Yana maelekezo tu: weka ukuta hapa, weka adui pale. Picha zenyewe zinachotwa kwenye gemu ambayo mteja ameshainunua.

Mahakama haikukubali. Ilisema kila hatua inasimulia safari mpya ya Duke, na kusimulia muendelezo wa hadithi ni haki ya mwenye hadithi. Zile skrinishoti za kwenye boksi nazo zikaonekana ni ukiukwaji.

Tazama nani alikuwepo pale na nani hakuwepo. Kampuni mbili zilipambana. Waliokesha wakijenga hatua zile, ambao majina yao hayakuwa na uzito wowote katika kesi, hawakuwa upande wowote. Kazi yao ilikuwa ndio kiini cha ugomvi, wao wenyewe wakiwa nje ya mlango.

PICHA ILEILE, HUKUMU TOFAUTI

Miaka miwili baadaye, mahakama hiyohiyo ikapata kesi nyingine ya skrinishoti. Kampuni ndogo iitwayo Bleem ilikuwa imetengeneza programu ya kuchezea gemu za PlayStation kwenye kompyuta. Kwenye matangazo yake iliweka picha mbili: gemu inavyoonekana kwenye PlayStation, na gemu hiyohiyo inavyoonekana kwenye kompyuta kwa kutumia Bleem. Sony wakaenda mahakamani.

Safari hii, mwaka 2000, suala la skrinishoti liliamuliwa kwa faida ya mdogo. Mahakama ilisema skrinishoti ni kipande kidogo mno cha gemu nzima, kama sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Na Bleem walikuwa wanaitumia kulinganisha, ili mnunuzi aone tofauti kwa macho yake. Hayo ni matumizi ya haki kwa sheria ya Marekani.

Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja, somo linaonekana. Kosa halikai kwenye skrinishoti yenyewe. Linategemea skrinishoti inafanya kazi gani. Ukiitumia kulinganisha, kuchambua au kukosoa, umesimama karibu na Bleem. Ukiitumia kutangaza na kuuza safari mpya ya mhusika wa watu, umesogea karibu na Nuke It.

Na hadithi ya picha iko wapi? Katikati, pabaya kabisa. Ina maneno yako mapya, lakini haina picha moja ya sehemu ya sekunde. Ina mamia ya picha zilizopangwa kusimulia kisa.

KUKARIBISHWA CHAI

Cha kushangaza, wakati mahakama zikisema hivi, kampuni zenyewe zilikuwa zinawaita wachezaji waje. The Sims ya kwanza, ya mwaka 2000, ilikuja na albamu ya familia ndani yake: unapiga picha, unaandika maelezo, unapandisha kwenye tovuti ya gemu ili wengine wasome. Kati ya 2005 na 2006, Mmarekani mmoja alitumia wahusika wa Half-Life 2 kutengeneza komiki ya kuchekesha yenye zaidi ya vipande 200, yote kwa skrinishoti, na yote ya kusoma bure.

Kampuni ziliona kitu rahisi: kila hadithi ya mchezaji ni tangazo ambalo hawajalilipia. Mwaka 2007 Microsoft ikaandika kanuni za matumizi ya picha na video za gemu zake. Kwa ufupi: tengeneza, sambaza, ila usifanye biashara, na usiweke uchafu wala chuki. Mwaka huohuo Blizzard, wenye World of Warcraft, nao wakatoa barua ya kuwaruhusu wanaotengeneza filamu kwa kutumia gemu zao.

Lakini soma maandishi madogo. Katika kanuni za Microsoft kuna kipengele kinachosema kwamba ukiongeza sura mpya kwenye hadithi ya gemu, wazo lako linaweza kutokea kwenye gemu ijayo bila wewe kulipwa chochote. Kwa hiyo unaruhusiwa kuota, ila ndoto ikiwa nzuri, inaweza kuwa yao.

Vifaa navyo vikazidi kurahisishwa. Gran Turismo 4 ya mwaka 2004 ilikuwa na sehemu maalumu ya kupiga picha za magari. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ikaja na kitufe cha kushea kwenye padi yenyewe. Gemu ya Spider-Man ya mwaka 2018 ikakupa hadi fremu za majalada ya komiki, uweke picha yako humo.

Yote hayo ni ukarimu. Lakini kukaribishwa chai sio kuandikiwa nyumba. Ruhusa ina masharti, na anayeitoa leo anaweza kuibadilisha kesho. Haki ndiyo haiondoki mwenye nyumba akinuna.

NA HAPA BONGO?

Kuna watu wanadhani gemu ya Japani au Marekani haina mlinzi ikifika Dar. Ina mlinzi. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na mkataba huo unazitaka nchi wanachama zilinde kazi za wenzao kama zinavyolinda za kwao. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni COSOTA. Inaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki, ukitaja chanzo na mtunzi. Ila hukumu ya Bleem ni ya mahakama ya Marekani. Hakimu wa Kisutu halazimiki kuifuata.

Kwa hiyo dogo wa Sinza anayetengeneza hadithi za mtaani kwa skrinishoti za GTA, kisha anazirusha kwenye stori zake bure, amekaa kwenye chai: aangalie masharti ya gemu yake, atunze nakala ya ukurasa wenye ruhusa hiyo, na asikopi muziki wa watu. Siku akitaka kuzichapa kitabu akiuze, mambo ni mengine. Hapo anahitaji ruhusa ya maandishi kabla ya kwenda kwa mchapaji, sio baada ya kitabu kupendwa.

Na asisahau upande wake. Maneno aliyoyaandika ni yake. Jina na maisha aliyombunia mhusika wake mwenyewe, hayo pia ana haki ya kuyadai. Kisa kizuri kinaweza kuhamishwa: kikatoka kwenye gemu, kikapewa mchoraji, kikawa komiki isiyodaiwa na mtu.

Hata Alice angeweza kuhama hivyo. Kampuni ina sura yake na benchi lake. Kijana ana zile sentensi zilizowafanya watu wamuonee huruma binti ambaye hajawahi kuwepo. Ile sadaka ndiyo ngumu kugawa. Programu ilipendekeza, mtu akakubali, na bila mmoja wao isingetolewa.

Mahakama ya mwaka 1983 ingemwambia alikuwa anabadilisha chaneli tu. Walioisoma hadithi ya Alice mpaka mwisho watabisha.